Pasi ya Mkaa

Kwa miaka mingi nilikana kwamba niliwahi kukosea fumbo la kutambua siku. Juzi binti yangu alikuwa akifumbua moja la shule, nikakumbuka harufu ya pasi ya mkaa, nyumbani Rujewa.

Jirani alirudi safarini akakuta ng'ombe wetu wamekula mpunga wake. Jumamosi alichunga kaka Lukelo. Siku nyingine, baba mwenyewe. Mimi peke yangu niliwaona shambani.

“Ilikuwa siku gani, mama?” baba aliniuliza.

“Mama mdogo alikuwa anapiga pasi nguo za kanisani,” nikajibu kwa maringo. “Basi ni Jumamosi.”

“Una akili wewe!” alisema upesi, akachukua fimbo. Kaka alilia. Mimi nikajiona profesa.

Jana nilimpigia simu mama mdogo.

“Za kanisani? Nilikuwa nanyoosha nguo za msibani, mwanangu. Ilikuwa Alhamisi.”