Farasi Alikuwa na Jina

Juzi nilikwenda kutazama maonyesho ya picha za vita vya wazungu. Chini ya picha moja waliandika jina la afisa na hata la farasi wake. Wanaume walioshika hatamu walikuwa "askari weusi" tu. Nilichoka kabisa.

Nikakumbuka alasiri moja Makongeni. Tulikuwa tukicheza vita uani, moshi wa makaa ukituwasha macho. Niliposhindwa, niliinua mikono. Babu yangu, guka, aliyepigana Burma katika jeshi la Waingereza, akaishusha kwa nguvu.

"Usiinue. Utauawa."

"Lakini guka, ukiinua mikono hupigwi risasi. Ndiyo sheria." Nilidhani hajui kucheza.

"Wenzangu waliinua. Adui aliwapiga risasi wote, nami nimejificha majanini."

"Mlishtaki kwa nani?"

"Kwa afisa wetu. Akatuambia tuwazike upesi, chakula kinapoa."