Wawira Hakuwa na Muda wa Kubembeleza

Usiku huo sikulala. Nilikaa jikoni kwangu na Wanjira, mtoto wa jirani yangu Wawira, tukingoja habari kutoka nyumba ya pili. Mama yake alikuwa amezidiwa. Nelius, dada ya mgonjwa, alikuwa naye ndani, na alikuwa ameagizwa asimfungulie mtoto.

Wawira aliugua ugonjwa uleule uliommaliza mumewe. Kwetu, karibu na Ishiara, hakuna aliyeutaja kwa jina. Alipoambiwa hospitalini kwamba hatamaliza mwaka, hakulia wala hakwenda kuombewa. Alirudi akamwondoa Wanjira kitandani mwake, akamtuma awe analala kwangu. Mvua ya El Nino ilipokwisha na mtama ukaanza kukomaa, akampandisha peke yake kwenye dungu, lile jukwaa la kufukuzia ndege, tangu alfajiri mpaka giza. Mtoto alikuwa hajafika hata miaka tisa.

“Mama, mikono inauma.”

“Ndege hawali mikono. Piga bati.”

Siku aliyosinzia huko juu, mama yake alimwambia, “Lala basi. Ndege watakushukuru.”

Alimfundisha kusaga, kuwasha moto, kufua. Uji ukiungua, mtoto aliunywa hivyohivyo, mama akimtazama. Kanisani walisema ana moyo wa jiwe. Mimi nilimwendea.

“Wawira, mshike tu mtoto. Muda wenyewe ndio huu.”

“Ndiyo maana sina wa kuchezea, Mama Karimi. Wewe una wako. Nikifa, wiki ya kwanza utampa uji. Ya pili utamwuliza anajua kazi gani.”

Wanangu pia walikuwa wanakula.

Kulipoanza kupambazuka Wanjira aliinuka, akapika uji bila kuambiwa, akaubeba kwa kikombe mpaka mlangoni kwa mama yake. Nilimfuata.

“Mama, leo haujaungua. Nifungulie uonje.”

Nelius alishika komeo. Nilisikia chuma kikikwaruza. Kisha sauti ya Wawira, nyembamba sana: “Wacha.” Akapumzika. “Wanjira, ndege wameamka.”

Mtoto aliweka kikombe kizingitini, akakifunika kwa kisahani ili nzi wasiingie, akaenda shambani. Punde nikasikia bati. Ndani, Nelius akaanza kulia kwa sauti.

Nilisukuma mlango. Haukufunguka. Kule shambani Wanjira aliendelea kupiga bati, kwa nguvu, kama alivyofundishwa.