Siku Mama Mkwe Alipogeuka Kuku

Mwaka wa tatu wa ndoa yangu nilikuwa bado namwogopa mama mkwe. Hakuwa mkali, ila ni mtu wa maneno machache: anaitikia marahaba, anaendelea na kazi yake. Kila tulipotoka mjini kwenda kwake Puge, nilipika, nikafua, nikanyamaza.

Juni iliyopita, karanga zikiwa zimeshang'olewa, nilikaa barazani nikitazama kwenye simu filamu za kutisha za zamani sana, zile zisizo na sauti. Mama mkwe akapita na ungo, akasimama nyuma yangu. Aliuliza yule mzimu wa kwenye filamu amekwenda wapi. Nikamweleza kwamba mpiga picha alisimamisha kamera, waigizaji wote wakaganda, mzimu akaondoka kwa miguu yake, kisha kamera ikaendelea. Mtazamaji anaona ametoweka.

Akaomba kutazama tena. Halafu akaweka ungo chini.

"Mimi naweza kuganda," alisema.

Tuliegemeza simu kwenye kinu, mume wangu akapewa kazi ya kubonyeza, kusimamisha na kuendeleza. Mama mkwe alijipaka unga wa muhogo usoni na masizi kuzunguka macho, akajitanda shuka jeupe. Mimi nilichambua matembele, mzimu aje kwa nyuma, nigeuke, nipige yowe bila sauti. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili alicheka yeye, kicheko chembamba cha msichana, ambacho sikuwahi kukisikia. Mara ya nne tuliweza. Niliganda mdomo wazi, macho nimeyafumba, yeye akanyata pembeni, mume wangu akabonyeza tena.

Tulipotazama, mzimu alinyoosha mikono, na papo hapo akawa kuku. Kumbe kuku alikuwa amefuata unga uliomdondoka, akasimama palepale mama mkwe alipokuwa amesimama, na mume wangu, kwa kucheka, hakumwona.

Mama mkwe alikaa chini mavumbini. "Nimegeuka kuku," alisema polepole, kisha akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye unga, huku akinipiga paja.

Alitaka wanawake wa jumuiya yake ya sala waione filamu yetu Jumamosi. Hapo nilisita. Nilimwambia mwanamke mzima kugeuka kuku si mzaha kwa kila mtu, wengine wangeweza kusema uchawi.

"Ndiyo maana nataka waone inavyofanyika," alinijibu.

Jumamosi, baada ya sala, walitazama. Mmoja alijivuta nyuma na kiti chake. Mama mkwe akawaeleza hatua kwa hatua, kisha akamsimamisha huyohuyo aliyejivuta, tukamtowesha mchana kweupe, akajiona mwenyewe kwenye simu. Baada ya hapo kila mmoja alitaka kuwa mzimu, nyumba nzima ikajaa unga. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye heshima zake, alitaka atoweke ubaki mkoba tu. Tulirudia mara tano, maana kila alipoambiwa agande, mabega yalimtikisika kwa kicheko.