Siku Mama Alipojiitikia Mwenyewe

Kompyuta ya kwanza niliyoiona nyumbani kwa mtu ilikuwa ya kaka yangu, Bariadi mjini. Ilikuwa ya mtumba, kioo chake kina kisogo kikubwa, na wifi alikuwa ameitandikia kitambaa cha kufuma. Ilikuwa miaka ile ya biashara huria, vitu vikimiminika kutoka Mwanza, na kaka, aliyekuwa fundi redio, alijifundisha mwenyewe kurekodi kwaya kwa mashine ile.

Alituita, mimi na mama. Tukaja kwa basi kutoka Dutwa, mama amepakata furushi la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

Zamani mama ndiye aliyeanzisha nyimbo za kulimia pamba. Watu wa mashamba ya jirani walisimamisha majembe wamsikilize. Kisha akaugua koo, akapasuliwa, na sauti ikarudi nzito, yenye mikwaruzo. Akaacha kuimba. Hata kanisani alichezesha midomo tu.

Kaka alikuwa amepata kaseti kwa mjomba, iliyorekodiwa shambani kabla sijazaliwa. Aliunganisha waya kutoka redio kaseti hadi kwenye kompyuta. Sauti ya msichana ikajaa sebuleni, na kwenye kioo mstari wa kijani ukaanza kupanda na kushuka.

"Mayu," kaka alimwambia mama, "hiyo ndiyo sauti yako."

Mama alisogea, akagusa kioo kwa kidole. "Sauti inaonekana?"

"Inaonekana. Hapa unavuta pumzi. Hapa mbwa amebweka."

Akakizungushia alama kile kipande cha mbwa, akabonyeza, kikatoweka. Aliporudia wimbo, mbwa hakuwepo. Mama akaziba mdomo kwa kiganja.

"Umempeleka wapi?"

Wifi alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Mbwa yule alibweka miaka mingi iliyopita, na kaka yangu, akiwa amevaa kandambili, alikuwa amemnyamazisha.

Kisha akamvisha mama spika za masikioni, akamwekea maikrofoni mbele. "Sasa mwitikie huyo msichana."

"Sina sauti, mwanangu."

"Mwitikie kwa hiyo hiyo uliyo nayo."

Mama alinitazama. Akafumba macho, akaanza.

Sisi hatukuusikia ule wimbo wa masikioni mwake. Tulisikia sauti yake peke yake, ikikwama, ikikatika, ikianza tena. Niliinamisha kichwa, nikamwonea huruma, nikatamani kaka aizime ile mashine.

Alipomaliza, kaka alibonyeza hapa na pale, akasogeza kipande kimoja nyuma kidogo, akaongeza sauti. Zikatoka zote mbili pamoja. Msichana aliimba juu, mwepesi, na chini yake mwanamke mzima akimbeba, na ile mikwaruzo niliyoionea huruma ndiyo iliyoufanya wimbo uwe na uzito. Vinyweleo vilinisimama.

"Huyo msichana ni nani?" mama aliuliza, ingawa alijua.

"Ni wewe, mayu."

"Na huyu anayemwitikia?"

"Ni wewe pia."

"Wabeja," akamshukuru kaka kwa sauti ya chini. "Hebu rudia."

Tulirudia hadi umeme ukakatika.

Jumapili iliyofuata, kanisani Dutwa, nilikuwa nimesimama kando yake kwaya ilipoanza. Mama alifungua kinywa, akashika sauti ya chini kabisa, ile wanayoishika wanaume. Watu wa benchi la mbele waligeuka. Hakunyamaza.