Goti la Ami

Ami yangu, mdogo wake baba, alipelekwa Amerika kusoma akiwa kijana, na huko akaucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mito ya mabegani. Alikuwa akisema hakuna mtu wetu aliyemtangulia. Kazi yake ilikuwa kusimama mstari wa mbele na kuwazuia wapinzani ili mwenzake apite na mpira. Misimu miwili, yeye mwenyewe hakuugusa hata mara moja. Msimu wa pili goti likavunjika, wakampasua, akaja Maskati na shahada ya uhandisi na mguu wa kuchechemea.

Mimi sikuiamini hadithi hiyo. Mchezaji mpira asiyegusa mpira! Kila Ijumaa tulipokusanyika kwake, mtaa wa Hail, kwa chakula cha mchana, nilimtania kwamba alikuwa akiwabebea wenziwe maji. Ulimi hauna mfupa, na wangu ndio kabisa.

Ijumaa moja walikuja watu kumposa binti yake. Baba wa kijana akamuuliza Ami kuhusu mguu, naye akaanza kusimulia kwa furaha, mikono inacheza. Nikamkata kauli.

"Ami, kama kweli, si utufunulie goti tulione kovu?"

Nilijua hawezi. Sebule imejaa wanawake na wageni, na mwanamume wa rika lake hapandishi kanzu mbele za wakwe. Ndiyo maana nilisema. Akaivuta kanzu chini, akaikunja miguu.

"Goti langu silifunui mbele za watu, mwanangu. Mie nnaloweza ni kusema tu, na nshasema."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Tangu siku hiyo, akiulizwa mguu una nini, alijibu, "Baridi yabisi tu."

Mwaka huu amefariki. Nikaitwa kumuosha, maana hakujaaliwa mtoto wa kiume. Shuka ilimsitiri toka kitovuni hadi chini ya magoti, nami nikapitisha mkono chini yake, nimevaa glavu, bila kutazama, kama inavyotakiwa. Kwenye goti la kulia mkono ukasimama. Kovu nene, refu kama kiganja changu, na mfupa umeunga upande. Mzee aliyekuwa akimimina maji akaniuliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Niliona haya hata kuendelea kumgusa.

Alasiri, msibani, yule baba wa kijana, sasa mkwe wetu, akaniinamia.

"Marehemu alikuwa mcheshi, Mungu amrehemu. Hivi ule mpira wake wa Kimarekani ulikuwa kweli?"

Muosha maiti hasemi mabaya aliyoyakuta. Lakini hili halikuwa baya, na kulisema kungemrudishia heshima yake. Ila ningelazimika kusema pia ni nani aliyemvunjia.

"Wallahi sijui," nikasema, na mkono wangu bado unanuka kafuri niliyompaka Ami.