Kamba ya Mbegu ya Mama

Enzi zetu mbegu ya muhogo haikununuliwa. Ungesikia mtu kanunua pingili ungedhani amekosana na ukoo mzima, maana mbegu ilikuwa kitu cha kuomba na kupewa, kama kaa la moto. Ninyi mliokulia vijiji vya kando ya ziwa huku Musoma mnanielewa. Hawa wa leo, wanaopiga picha jani la muhogo na kuiuliza simu linaumwa nini, tuwaache kwanza.

Mama alitokea Butiama. Siku anaolewa alikuja na mzigo wa pingili kichwani, zilizokatwa na mama yake, yaani bibi yangu, na kufungwa kwa kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe. Ndiyo ilikuwa desturi: binti haendi kwa mume mikono mitupu, anakwenda na mbegu ya kwao. Shina la kwanza Mama alilipanda pembeni ya jiko, mengine yakajaza shamba. Tukauita muhogo wa Bibi. Jamani, muhogo ule! Tukitoka shule tuling'oa mmoja, tukaufuta udongo kwenye sketi, tukautafuna mbichi hadi nyumbani. Fimbo za sketi chafu tulizipokea tukiwa tumeshiba.

Iliyobaki ililowekwa, ikaanikwa juu ya majabali mpaka ikawa udaga, wenye harufu inayomkunja mgeni pua na kummezesha mwenyeji mate. Sisi wasichana ndio tulikuwa walinzi, na adui yetu alikuwa tumbili. Walikaa juu ya mawe wakitutazama tukicheza rede, na tulipoanza kugombana nani kapigwa na mpira, hao, wamebeba. Sidhani kama tulimaliza mchezo hata mmoja kwa amani. Jioni ugali wa udaga na mtama, mzito, na samaki furu wa kuchemsha, mkono wa mmoja ukisukuma wa mwenzake ndani ya sahani.

Msimu wa kupanda ukifika mlango wetu haukutulia. Wanawake walikuja asubuhi na mapema kuomba mbegu, na Mama hakumnyima mtu. Alikata, akafunga kwa kamba ileile ya Bibi, na neno lake lilikuwa moja: "Chukua, mbegu haiuzwagi. Ila kamba yangu irudi." Ilirudi kweli, tena haikurudi peke yake. Ilirudi na dagaa kwenye bakuli, au na habari ya mtoto aliyezaliwa, na aliyeileta alikaa mpaka chai iishe. Sisi watoto tulishindana kukimbia kutoka njiani tukipiga kelele: "Mama, kamba imerudi!"

Kisha mihogo ikaanza kutudanganya. Juu imestawi, lakini ukiing'oa na kuikata, ndani ina madoa ya kahawia, mikavu kama ubao. Wengine walisema ardhi imechoka, wengine wakasema ni jicho la mtu. Na kila aliyeharibikiwa alikuja kwa Mama kuomba mbegu mpya, naye akampa.

Ndipo akaja dada mmoja wa kituo cha utafiti, amevaa buti za mpira, akatukusanya uwanja wa shule. Alipasua muhogo mbele yetu, akasema ule ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Inzi weupe wadogo wanausambaza, akasema, lakini kinachoufikisha mbali ni mbegu tunayopeana. "Hapa kijijini mbegu mnachukua kwa nani?"

Hakuna aliyemnyooshea Mama kidole. Wanawake waliinamisha macho tu, wakachezea pindo za kanga zao. Mama akasimama. "Wanachukuaga kwangu."

"Basi mama yangu, ng'oa yote, uchome. Ukibakiza shina moja umebakiza ugonjwa."

"Hata lile la pembeni ya jiko?"

"Hata hilo, mama. Pole."

Aling'oa kwa mikono yake, akaanza na hilo la jikoni. Miti iliwaka, na vipande vya muhogo vilivyokuwa bado vyeupe tukavichoma kwenye makaa yake, tukala. Sisi watoto tulicheza kuzunguka moto ule midomo ikiwa myeusi kwa masizi, tukidhani ni sherehe. Hakuna aliyetuambia kwamba ndiyo mara ya mwisho. Mpaka leo nautamani muhogo ule, nautamani mpaka naona aibu.

Dada yule simlaumu, alisema kweli. Mbegu safi tuliyoletewa ilizaa vizuri na njaa haikutugusa. Tuliambiwa tusichukue tena mbegu kwa jirani, tukatii. Mlango wetu ukanyamaza, na kamba ikabaki kwenye msumari wa jikoni.

Sasa Mama ni mzee, anaishi kwangu Bweri. Nina matuta machache ya mihogo nyuma ya nyumba. Siku moja nilimmenyea mmoja, akautafuna taratibu. "Mzuri," akasema. "Mzima kabisa. Ila haunijui."

Mwaka huu binti yangu Neema ameolewa Bunda. Wakwe zake wamezungushia shamba mizinga ya nyuki, kama watafiti walivyowafundisha, ili tembo waogope. Kwenye kumuaga zilitoka zawadi za siku hizi: friji, blenda, godoro la kutandazwa na watu wanne. Ikafika zamu ya Bibi yake, na mshereheshaji akampa kipaza sauti akingoja kitenge. Mama akatoa ile kamba. Vijana walicheka. Sisi wa enzi zile tulitazamana.

"Mjukuu wangu, mbegu sina, niliichoma. Hukohuko Bunda watakupa iliyo safi. Ila kamba yangu irudi."

Neema alilia, akaahidi kuirudisha. Yuko kazini, yuko mbali, anapiga simu ya video kila Jumapili baada ya ibada, na Mama humwona vizuri kabisa kwenye kioo. Lakini bodaboda ikisimama getini kwetu, Mama huinua kichwa na kuniuliza: "Ni kamba hiyo imerudi?"