Makaburi Mawili ya Mama

Kijijini kwetu, huku nyuma ya Mpapura, uchaguzi ulikwisha lakini ugomvi wake haukwisha. Wa chama hiki walibaki na kibaraza chao cha kahawa karibu na msikiti, wa chama kile wakahamia kijiwe cha bodaboda. Mtu akiugua, wa upande wa pili hawaendi kumjulia hali. Wakiozesha, hawaalikani. Mimi, mwalimu mstaafu mwenye mikorosho yangu michache, nilikunywa kahawa kote kuwili, na hilo peke yake lilitosha kunitia midomoni mwa watu.

Kisha nikasimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema kamati ya maji ichaguliwe kwa kura ya siri, si kwa kunyoosha mikono huku wakubwa wanatazama nani kanyoosha, na kila upande upate wajumbe. Nilidhani nimesema jambo dogo. Wa chama hiki wakasema nimetumwa na wale, wa chama kile wakasema nimenunuliwa na hawa ili niwapoze. Mzee mmoja akanitania mbele za watu kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa nilichukia kweli. Hasira zangu huja na kicheko, sijui nilirithi kwa nani.

Si kwa mama, maana yeye akikasirika alinyamaza. Hakuwahi kuniambia alimpigia nani kura. Alikuwa na khanga za vyama vyote viwili, akavaa yoyote aliyoikuta imekauka kambani. Nilipomuuliza alisema kura ni siri, nisimfuatefuate kama askari. Rafiki yake mkubwa, waliyechezwa unyago pamoja, alikuwa mama mzazi wa kiongozi wa vijana wa chama kile, na wawili hao walitwanga mihogo yao kwenye kinu kimoja mpaka mama alipolala kitandani asiinuke tena.

Alifariki alfajiri. Nasema kweli, kilichotangulia kunijia si majonzi, ni woga. Nani atamzika? Kwetu kaburi huchimbwa na vijana wa kijiji, na mzazi wako akikosa wachimbaji ni fedheha ya ukoo mzima. Nikiwaita hawa tu, wale watasusa. Nikiwaita wale tu, hawa watasusa. Basi nikatuma watu kote kuwili na maneno yaleyale: mama ametutoka, tunaomba nguvu za kuchimba, pembeni ya kaburi la baba. Nilijiona nimetenda haki. Niliamini wakikutana pale na majembe mikononi watachimba pamoja, na pengine hata salamu zitarudi.

Walikuja wote. Tulipofika na jeneza makaburini nikakuta makaburi mawili. Moja lilikuwa upande wa kibla wa kaburi la baba, jingine nyuma ya mgongo wake, yote yamenyooka, na ndani mwanandani wa kulazia maiti umekatwa vizuri. Walikuwa wamechimba asubuhi nzima wakipeana migongo, na hakuna aliyekubali kuacha, kwa sababu kila upande ulikuwa umeombwa na mfiwa mwenyewe. Nikauliza nani alianza. Wote walianza.

Shehe akanisogelea na kusema kwa upole kwamba maiti hangojeshwi.

"Mwenye maiti ni wewe, mwalimu," akasema. "Chagua."

Kichwa kilinivurugika. Nikaanza kuwaza habari ya kulala kwao. Nikimlaza huku, baba atautazama mgongo wa mama. Nikimlaza kule, mama atautazama mgongo wa baba. Wote wameelekea kibla, na bado mmoja atakuwa amempa mwenzake mgongo. Kuna wakati nilitaka kuitisha kura ya siri palepale, na wazo hilo mpaka leo linanitia aibu na kunichekesha. Watu walikuwa wananitazama, jua linawaka, wabebaji wanabadilishana mabega. Nikanyoosha mkono. Ukaenda upande wa kibla, kwenye kaburi la chama hiki, na kwa nini ulikwenda huko sijui.

Tukamzika. Walioshindwa, nami nawaita walioshindwa kana kwamba tulipiga kura, hawakuondoka. Kwetu kaburi lililochimbwa haliachwi tupu, wanasema litaita mtu, kwa hiyo huzikwa mgomba. Shehe alisema hilo si la dini, kisha akatazama pembeni. Wakaukata mgomba, wakaushusha taratibu kama mtu, wakaufukia na kuuinulia tuta sawasawa na la mama. Walipomaliza, kiongozi wao, mtoto wa yule rafiki yake mama, akaja kunipa mkono.

"Pole, mwalimu," akasema. "Sasa tumejua uliko."

Haukupita muda, mwenyekiti wa chama hiki naye akanishika bega akanikaribisha nyumbani. Nilitaka kuwaambia wote wawili kwamba hawajajua kitu, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimejua nini? Nikalia tu. Wakadhani ni kwa ajili ya mama peke yake.

Baada ya mvua za kwanza nilikwenda kung'oa majani. Nikamkuta yule rafiki yake mama, khanga imemfunika kichwa, amekaa chini kwenye tuta la mgomba, anasoma Yasini kwa sauti ndogo. Nikadhani uzee umempotezea njia. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikamwambia polepole kwamba amekosea, mama yuko upande ule wa pili.

"Najua alipo, mwanangu," akasema bila kuinua uso. "Kule kijana wangu amenikataza."

Nikavua viatu, nikakaa karibu naye, tukausomea mgomba mpaka mwisho.